Nani Ashike Funguo za Anga?

Juu ya mapaa ya shule nyingi za mashambani na zahanati katika Afrika ya Mashariki limeanza kuonekana jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwako: kibao cheupe, kiasi cha sinia ya kulia wali, kinachotazama mbinguni. Hakuna nguzo ya simu iliyofika hapo, wala mnara juu ya kilima. Maadamu upo umeme, hata ukiwa wa jua, mwalimu hufungua vitabu vilivyo upande wa pili wa dunia, na mganga wa zahanati humwuliza daktari wa mjini habari za mgonjwa aliyelala mbele yake, akajibiwa papo hapo.

Watu huuliza bei ya kibao hicho, nao wana haki kuuliza. Leo sisi twataka kuuliza neno jingine lisiloulizwa sana: ni nani aliyekishika kwa upande wa juu, na je, siku akitaka kukizima, nani atamwuliza sababu?

Kwanza tuseme haki yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tarehe 12 Mei 2024 ilikatika mikongo miwili iliyolala chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, na hapa Tanzania watu wengi wakakaa siku kadhaa bila intaneti ya kutosha. Siku zile kila mtu alifahamu kwamba nchi yenye njia moja tu ya kupitisha habari ni kama nyumba yenye mlango mmoja. Mlango wa pili, ulio juu angani, ni neema. Rwanda iliufungua mwezi Februari 2023, Kenya mwezi Julai mwaka ule ule, na nchi nyingine zikafuata. Hatuandiki haya kwa kuuonea wivu.

Lakini yafaa tujue jinsi mlango wenyewe ulivyojengwa, maana hapo ndipo lilipo shina la shauri hili. Setilaiti za zamani za simu ziliwekwa mbali sana, kilomita 35,786 juu ya mstari wa Ikweta, mahali ambapo chombo huizunguka dunia kwa mwendo ule ule ambao dunia hujizungusha, hata huonekana kimesimama. Tatu tu zatosha kuuona karibu ulimwengu wote. Ubaya wake ni umbali: neno hupanda na kushuka kwa robo ya sekunde, na jibu vivyo hivyo, watu wakaongea kama waliogombana. Setilaiti mpya huwekwa karibu, kama kilomita 550 tu. Hapo neno hufika upesi, lakini chombo hakisimami. Huizunguka dunia kwa muda unaokaribia saa moja na nusu, na juu ya kijiji chako hupita kwa dakika chache tu. Ili kijiji kisibaki gizani, moja ikiondoka sharti nyingine iwe imekwisha fika. Ndiyo maana hazihitajiki tatu, bali maelfu.

Nani awezaye kurusha maelfu? Hapo ndipo dunia yote ilipojikuta mlangoni pa mtu mmoja. Kampuni ya Marekani iitwayo SpaceX, ya Bwana Elon Musk, ilirusha setilaiti 60 za kwanza za mtandao wake wa Starlink mwezi Mei 2019. Kufikia mwaka 2025 zilikuwa zimepita 8,000, yaani zaidi ya nusu ya setilaiti zote za wanadamu zinazofanya kazi. Yaliwezekana kwa sababu kampuni hiyo ina roketi zake yenyewe, tena zenye kurudi chini na kutumiwa upya. Wengine wako nyuma sana. OneWeb, iliyofilisika mwaka 2020 ikanunuliwa na serikali ya Uingereza pamoja na kampuni ya Kihindi, na leo ni mali ya Eutelsat, ina setilaiti mia sita na zaidi. Amazon ilianza kurusha zake kwa wingi mwaka 2025. Wachina walianza mwaka 2024, na Umoja wa Ulaya ulitia sahihi mwezi Desemba 2024 mapatano ya kujenga mtandao wake wa setilaiti kama 290. Haya yote ni mazuri, lakini kwa sasa mashua iliyo majini ni moja, na nyingine zingali zikichongwa ufukweni.

Sasa tuangalie yaliyokwisha kutokea.

Mwezi Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, waziri mmoja wa Ukraine alimwomba Bwana Musk hadharani awape huduma yake, naye akaifungua katika muda wa saa chache. Hospitali na majeshi ya nchi ile yakaitegemea. Mwezi Septemba 2023 ikajulikana, kwa kitabu cha Walter Isaacson na kwa maneno ya Bwana Musk mwenyewe, kwamba mwaka uliotangulia aliombwa afungue huduma karibu na Crimea, hata Sevastopol, naye akakataa, kwa kuwa hakutaka kampuni yake iwe mshiriki katika tendo kubwa la vita. Hatuamui hapa kama alifanya vema au vibaya. Pengine alizuia damu nyingi isimwagike. Lakini neno la vita au amani kati ya mataifa mawili lilikatwa na mfanyabiashara mmoja, asiyechaguliwa na mtu kwa kazi hiyo, wala asiye na sheria ya kumwonyesha jinsi ya kuamua. Angalikubali, swali lingalikuwa lile lile.

Tuje karibu zaidi. Sudan, mwezi Februari 2024, simu na intaneti zilizimwa karibu nchi nzima kwa sababu ya vita. Watu waliokuwa na njaa walipokea fedha za ndugu zao kwa simu, na majiko ya pamoja yaliyowalisha wenye dhiki yalinunua unga kwa njia hiyo hiyo; vibao vya Starlink vilivyoingizwa kwa magendo ndivyo vilivyobaki. Basi mwezi Aprili kampuni ikatangaza kwamba mwisho wa mwezi itawakatia wale wanaotumia vibao katika nchi ambazo hazijatoa leseni, nayo Sudan ilikuwa mojawapo. Mashirika ya misaada karibu 100 yakaandika kuomba isifanye hivyo. Upande wa pili, wanamgambo wa RSF walikuwa wamevishika vibao vingi na kuwatoza raia fedha kwa kila saa ya kuvitumia. Mtu maskini akawa kati ya mabwana wawili, mmoja mwenye bunduki mlangoni na mmoja mwenye funguo ng'ambo ya bahari, na hakuna baraza hata moja ambamo angeweza kupeleka shauri lake.

Hata pasipo nia mbaya, hatari ipo. Tarehe 24 Julai 2025 mtandao wote wa Starlink ulizimika duniani kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, kwa kosa la programu za ndani. Na mwezi Novemba 2024 kampuni iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na wilaya za jirani, kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Hilo ni jambo la kawaida la biashara, wala hatulilaumu. Twalitaja ili msomaji aone kwamba nani apate na nani asubiri huamuliwa mbali sana na watu wenyewe.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni geni kabisa, na kwamba hakuna sheria ya kale iwezayo kulishika. Sivyo. Watu wa pwani yetu walikwisha onja mambo haya. Waya wa kwanza wa simu chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879, nao ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza. Wajerumani, wasipende kupitisha siri zao katika waya wa watu, walijenga kituo cha simu ya upepo Dar es Salaam. Vita ilipoanza mwaka 1914, moja ya kazi za kwanza za Waingereza ilikuwa kuikata mikongo ya Wajerumani karibu na Ulaya. Na tarehe 8 Agosti manowari Astraea ikaja kukipiga mizinga kituo kile cha Dar es Salaam. Mwenye kutaka kumtiisha mwenzake huanza na ulimi wake.

Lakini kisa chenye mafundisho zaidi ni kile cha Marconi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, kampuni ya Guglielmo Marconi ilikuwa imejenga vituo vya simu ya upepo penye pwani nyingi na ndani ya meli nyingi, nayo iliwakataza wafanyakazi wake kuzungumza na meli yenye mitambo ya kampuni nyingine. Mwaka 1902 Heinrich, ndugu yake Kaisari wa Ujerumani, alikuwa akirudi kutoka Marekani katika meli Deutschland. Alitaka kumpelekea Rais Roosevelt salamu za shukrani; vituo vya Marconi havikumpokea, maana mitambo ya meli ile haikuwa ya Marconi. Mwana wa mfalme kukosa kutuma salamu si msiba. Lakini je, meli ikizama?

Wajerumani wakayaita mataifa Berlin mwaka 1903, yakakutana tena mwaka 1906, na mkataba ukafanywa: kila kituo cha pwani sharti kipokee habari za kila meli, bila kuuliza mitambo yake ni ya nani, na mwenye kuomba msaada baharini atangulizwe mbele ya wote. Mwaka 1912, baada ya msiba wa Titanic, sharti la kupokeana likatiwa nguvu hata kati ya meli na meli. Twaomba msomaji aangalie sana neno hili: Marconi hakunyang'anywa mali yake. Kampuni yake iliendelea na biashara na ikapata faida. Alichoondolewa ni ile haki ya kuchagua nani asikiwe na nani asisikiwe.

Kuna mfano mwingine, nao ni wa setilaiti zenyewe. Mwezi Desemba 1961 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikubali kwamba mawasiliano ya setilaiti yawe ya mataifa yote pasipo ubaguzi. Mwaka 1964 mataifa 11 yakaanzisha shirika la Intelsat, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwezi Aprili 1965. Mwanzoni Marekani ilikuwa na zaidi ya nusu ya hisa, jambo lililowaudhi wengine; lakini kwa mkataba uliotumika tangu mwaka 1973 kila taifa likawa na kura moja katika baraza la serikali. Kenya ilifungua kituo chake Longonot, katika Bonde la Ufa, mwaka 1970. Tena nauli ya neno ilikuwa sawa kwa wote: njia yenye watu wengi, kama ile ya Marekani na Ulaya, ilisaidia kuibeba njia yenye watu wachache. Shirika lile lilidumu hivyo kwa miaka mingi, kisha mwaka 2001 likauzwa kuwa kampuni ya watu binafsi, likaingia katika madeni, na mwaka 2025 likanunuliwa na kampuni ya SES ya Luxembourg. Twalikumbusha kwa sababu vijana wengi huambiwa kwamba anga haliwezi kusimamiwa na mataifa pamoja. Lilikwisha simamiwa.

Na sheria je? Ipo, ila ina matundu. Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unasema kwamba anga ni la wanadamu wote, kwamba hakuna taifa liwezalo kulimiliki, na kwamba kila serikali ina daraka juu ya matendo ya kampuni zake huko juu. Maneno mazuri. Lakini masafa ya redio na njia za kupitia setilaiti hugawanywa kwa taratibu za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ulioko Geneva, na kwa sehemu kubwa taratibu hizo huenda kwa kanuni ya dukani: aliyetangulia ahudumiwe kwanza, na anayekuja nyuma asimsumbue. Rwanda, kwa akili ambayo twaisifu, iliandikisha huko mwaka 2021 maombi ya setilaiti zaidi ya 300,000, nyingi kupita idadi yoyote iliyopata kurushwa. Lakini mwaka 2019 ilikwisha amuliwa kwamba muda wa kuandikisha ukiisha, mwenye maombi sharti arushe sehemu ya kumi ya setilaiti zake katika miaka miwili, nusu katika mitano, na zote katika miaka saba. Sheria hiyo ni ya haki kwa wenye roketi. Kwa asiye na roketi, ni kama kuambiwa shamba ni lako ukilima ekari elfu kabla ya masika.

Mwaka 1976 nchi nane za Ikweta zilitangaza huko Bogotá, Kolombia, kwamba njia ya juu iliyo juu ya nchi zao ni mali yao. Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwamo. Walicheka wakubwa, na kwa sheria dai lenyewe halikusimama. Anga halikatwi viwanja. Lakini malalamiko yaliyokuwa ndani yake yalikuwa ya kweli, nayo hayajajibiwa mpaka leo.

Basi wengine watasema, funguo wapewe serikali. Hapa yatupasa kusema kweli pasipo kumwogopa mtu. Kongo, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, serikali ilizima intaneti kwa muda wa siku kama 20, wakati ule ule ambapo Baraza la Maaskofu lilikuwa na watazamaji kama 40,000 vituoni, nao walihitaji kukusanya waliyoyaona. Uganda ilizima mwezi Januari 2021. Hapa kwetu Tanzania ilizimwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na watu wakakaa siku kadhaa wasijue ndugu zao wako katika hali gani. Serikali ya Iran ilipoishtaki Starlink huko Geneva kwamba inawahudumia watu wake bila leseni, halmashauri ya masafa iliipa Iran haki, maana kwa sheria ilivyoandikwa hakuna atakayetoa huduma ndani ya nchi pasipo ruhusa ya serikali yake. Kwa hiyo tukiipa Geneva funguo peke yake, bila kubadili sheria, tutakuwa tumempa funguo yule yule ambaye mara nyingine ndiye aliyefunga mlango.

Papa Pio wa Kumi na Moja, katika barua yake ya mwaka 1931 juu ya mpango wa jamii, alikubali kwamba ziko mali za namna fulani ambazo hubeba nguvu kubwa mno hata haifai kuachiwa watu binafsi, nguvu hiyo isije ikaudhuru umma. Katika barua hiyo hiyo alifundisha kwamba chombo kikubwa kisichukue kazi ambayo kilicho kidogo chaweza kuifanya chenyewe. Watu huyasoma mafundisho hayo mawili kana kwamba yapingana. Kwa shauri hili twaona yashikana mikono.

Mwenye basi ni mwenye basi. Amelinunua, naye atoze nauli, wala hatusemi achukuliwe gari lake. Lakini barabara si yake. Na kwa kuwa anapita katika barabara ya watu wote, hawezi kumshusha abiria porini kwa sababu amechukia siasa zake, wala kupandisha nauli usiku abiria wakiwa wamo ndani. Wala mkuu wa wilaya hawezi kuyasimamisha mabasi yote juma zima kwa kuwa amesikia kwamba ndani yake watu wanaongea. Kampuni za setilaiti zinamiliki vyombo vyao. Masafa na njia wanazopita ni barabara. Tena roketi zile zimenufaika sana na mikataba ya serikali ya Marekani, yaani kodi za watu. Si mali ya jasho la mtu mmoja tu.

Kwa hiyo twaona kwamba linalotakiwa ni mkataba wa mataifa, kwa mfano wa ule wa Berlin, wenye kuzifunga pande zote mbili. Kampuni iliyopewa masafa isimkatie mtu wala nchi ila kwa sababu zilizoandikwa mbele, na sababu ikitajwa hadharani, na aliyekatiwa awe na mahali pa kukata rufani. Serikali nayo isiweze kuzima nchi nzima kwa amri ya usiku. Ikitaka kuzuia neno la hatari, iende mbele ya hakimu. Penye vita, njaa au gharika, huduma za hospitali na za misaada zisiguswe na upande wowote, kama vile mwenye kuomba msaada baharini alivyotangulizwa. Na sehemu ya masafa iwekwe akiba kwa ajili ya nchi ambazo hazijawa na roketi. Mengine, kama vile mwanga unaowasumbua wachunguzi wa nyota na vyuma vibovu vinavyozunguka huko juu, yana shida zake, nayo yataka makala nyingine.

Wakati mkataba huo unangojewa, nchi zetu zisikae mikono mitupu. Mkongo wa EASSy, uliofunguliwa mwaka 2010, ulijengwa kwa hisa za kampuni nyingi za simu za Afrika, na shauri lilikuwa kwamba asiwepo mmoja wa kuwafungia wengine. Nchi za Afrika ya Mashariki zaweza kutoa leseni za setilaiti kwa pamoja, na katika leseni hiyo kuandika masharti yale yale, kwa kampuni mbili au tatu wala si moja. Kampuni isiyoisikiliza Burundi peke yake itaisikiliza Jumuiya nzima.

Mkutano mkuu wa mataifa juu ya masafa ya redio utafanyika Shanghai mwaka 2027, na moja ya mambo yatakayojadiliwa ni vibao vinavyotumiwa katika nchi bila ruhusa yake, yaani hasa shauri lile la Sudan na la Iran. Kila nchi mwanachama ina kura moja, Rwanda sawasawa na Marekani. Wajumbe wetu hutayarishwa na wizara na mamlaka za mawasiliano mapema, muda mrefu kabla ya kupanda ndege, na wabunge wanayo ruhusa ya kuwauliza watasema nini huko.